Kamishna wa Kwanza na Mnara wa Nethergarth

Nethergarth, Rousay, Orkney
12 Februari 1939

Kaka yangu Erlend,

Natumai barua hii inakukuta na soksi kavu. Sisi hapa kisiwani tu wazima, ukiacha upepo, ambao tangu Krismasi haujakaa kitako. Juzi uling'oa banda la kuku la Bi. Inkster kule bondeni, ukalitua shambani kwetu, jogoo akiwa bado ndani. Bi. Inkster amekuja kulidai. Banda limerudi, jogoo amekataa. Ng'ombe mwekundu amezaa ndama jike, ana miguu mirefu kama kiti cha kanisani.

Sasa nisikilize. Najua hatukuzoea kuandikiana habari za mtu fulani wa humu ndani, na yeye naye hataki kusikia zako. Tangu siku ile ulipogoma kumbebea mawe ya Mnara, lile gofu la kale shambani kwetu, ajengee banda lake la ng'ombe, naye akakwambia asiyebeba mawe yake asile mkate wake, mimi nimekuwa daraja linalokanyagwa kutoka pande zote mbili. Sitalitaja jina. Nitamwita Mtu wa Kitini, maana habanduki kwenye kile kiti cha majani karibu na moto.

Jumanne alikuja mgeni wa serikali, bwana mrefu mwenye kofia, na baada ya kitambo kidogo bwana mrefu asiye na kofia. Anaitwa Bwana Pell. Aliupima Mnara kwa utepe, akaingia mlangoni mwake kwa magoti, akatoka na mavi ya kondoo viganjani na uso wa bwana harusi. Anasema waliojenga ni watu wa kale sana, na kwamba serikali inataka kuutunza. Ardhi inabaki yetu na kondoo wanabaki wetu, ila ulinzi na ukarabati ni wao, na hakuna atakayeruhusiwa kutoa jiwe hata moja. Aliposema hilo la jiwe, mimi nilitazama sufuria.

Karatasi ya kutia sahihi inasema Mnara utakuwa mikononi mwa Makamishna wa Majengo, na mkubwa wao, ambaye ni waziri huko kwenu, anaitwa Kamishna wa Kwanza.

Mtu wa Kitini akauliza, "Huyo ni wa Kwanza. Wa pili ni nani?"

Bwana Pell akakohoa. "Kusema kweli, Bwana Scollay, sijawahi kuulizwa hilo."

"Basi leo umeulizwa."

Jibu halikupatikana, na sahihi haikupatikana.

Wewe unafanya kazi hukohuko, unawachorea majengo yao. Hebu nieleze, waziri huyu ni nani, kiti chake kilianzaje, na neno lake lina uzito gani? Ninayeuliza ni mimi. Mtu wa Kitini hajui kwamba nakuandikia. Ila asubuhi nimekuta stempu mezani, na mimi sikununua stempu.

Mdogo wako,
Mina


Kennington, London
27 Februari 1939

Mdogo wangu Mina,

Soksi zimelowa, lakini moyo mkavu, ahsante. Hapa kuna mvua isiyo na upepo, mvua mvivu, inaanguka tu kama imesukumwa. Bi. Tapley, mwenye nyumba ninayopanga, anachemsha kabichi mpaka inasahau kwamba iliwahi kuwa mmea. Nakula kwa adabu. Ndama wako mpe jina kabla Bi. Inkster hajampa.

Haya, Kamishna wa Kwanza. Zamani wafalme walikuwa na mwangalizi wa majengo yao, mtu wa kusimamia waashi na maseremala ili mvua isimnyeshee mfalme kitandani. Baadaye kazi hiyo ikaunganishwa na ile ya misitu na mashamba ya mfalme. Ikaonekana kwamba kila shilingi iliyotoka kwenye miti inaliwa na majumba. Basi mwaka 1851 bunge likawatenganisha kama watoto wanaopigana, misitu huku na majengo huku, na majengo yakapewa waziri wake. Ndiye huyo. Anatunza majumba ya mfalme, ofisi za serikali, bustani kubwa za mji huu, hata bata walioko mabwawani. Mawe ya kale aliongezewa mwaka 1882, na hadi leo akitaka kukabidhiwa ulinzi, sharti mwenye shamba akubali kwa hiari yake.

Kuhusu wa pili, hayupo. Kisheria liko baraza zima la makamishna, na mawaziri wazito wamo ndani yake, lakini baraza hilo halikutani. Nilimwuliza mzee wa masjala, akacheka mpaka akashika meza. "Kijana," akaniambia, "hata viti vyao hatujawahi kuvinunua."

Bwana Pell namfahamu. Amerudi hapa na mafua, na bado anauliza kama kuna mtu ameiona kofia yake.

Umeniandikia habari za jogoo, za ndama na za banda la jirani. Habari za goti la mtu yeyote hukuniandikia. Siulizi. Nasema tu kwamba hukuandika.

Kaka yako,
Erlend


Nethergarth
9 Aprili 1939

Kaka Erlend,

Salamu za Pasaka. Tumekula mayai, tumemaliza kupanda shayiri, na jogoo wa Bi. Inkster sasa analala juu ya trekta ya jirani zetu akina Craigie kama askofu. Ndama anaitwa Peggy. Goti ulilosema huliulizi linauma asubuhi na linauma jioni, mchana linauma kidogo.

Barua yako nilimsomea paka kwa sauti. Kama kuna mtu mwingine alikuwepo chumbani, hilo silo kosa langu. Nilipofika kwenye baraza lisilokutana, kikasikika kicheko kutoka kitini. Erlend, nilidhani ni bonge la udongo wa mboji limepasuka motoni. Kicheko hicho sijakisikia tangu tumzike mama.

"Mwenyekiti wa viti vitupu!" akasema. "Na mimi nimpe Mnara?"

Baadaye, nikiwa nakanda mkate, akasema bila kugeuka, "Mtu anayeandikiana na watu wa London angeweza kuuliza, waziri mmoja hukaa muda gani kwenye kiti hicho."

"Angeweza," nikamjibu.

"Na angeweza kuuliza kama kuna hata mmoja wao aliyewahi kubeba jiwe."

Basi nauliza.

Bwana Pell ameandika tena, kwa upole sana. Karatasi iko nyuma ya saa. Haijatiwa sahihi, lakini haijatiwa motoni pia.

Mina


Kennington
21 Mei 1939

Mdogo wangu Mina,

Nisamehe kwa kuchelewa. Tunafanya kazi mpaka Jumapili. Tulikuwa tukichora madirisha na ngazi, siku hizi tunachora mahandaki na mifuko ya mchanga. Bi. Tapley amejaribu barakoa yake ya gesi akiwa jikoni, na kwa mara ya kwanza akasema kabichi hainuki.

Wakubwa wangependa nikushawishi. Siwezi kumdanganya dada yangu, wala paka wake. Kiti hiki ni kama nyumba ya wageni iliyo karibu na stesheni. Wapo waliokipenda na kukitendea haki, lakini wengi huweka sanduku chini, hutazama saa, na hungoja treni ya kwenda kwenye cheo kikubwa zaidi. Tangu nimefika hapa nimeshawazoea kadhaa na kuwasahau. Serikali ikianguka, anabadilika. Waziri mkuu akihitaji kumridhisha rafiki, anabadilika. Ukiniambia neno la mtu aliyeketi humo, nitakwambia ulipime kama upepo wa Rousay.

Lakini chini ya kiti kuna watu wasioondoka. Yuko mwashi hapa, amekuwa akishikilia kuta zilizobomoka tangu nikiwa mtoto. Akilitazama jiwe anajua lilitoka upande gani wa ukuta. Mawaziri wote hao wamepita juu ya kichwa chake kama mawingu. Kwa hiyo, mtu akitia sahihi, asitie kwa ajili ya waziri. Atie kwa ajili ya mwashi.

Na lile swali la mwisho. Mawaziri sijui, ila sidhani. Mimi nimewahi kubeba jiwe. Nilibeba mawe ya shamba zima la Nethergarth kuanzia nilipoweza kusimama, na kama ningeambiwa nibebe mengine yoyote siku ile, ningeyabeba.

Erlend


Nethergarth
15 Oktoba 1939

Kaka Erlend,

Uko salama? Niambie uko salama, kisha uendelee kusoma.

Kimya changu kina sababu. Ile barua yako ya Mei niliisoma kwa sauti mpaka mwisho, na ningepaswa kuacha kabla ya mwisho. Mtu wa Kitini aliinuka akatoka nje. Msimu wote wa kukata nyasi alizungumza na farasi tu. Nami nikaona nikikuandikia nitakuwa naandika uongo au naandika huzuni, nikaamua bora nikate nyasi.

Sasa vita imekuja mpaka kwetu. Ghuba ya ▇▇▇▇▇ imejaa meli, na kama mstari huu umefutwa, ujue ni wakaguzi wa barua, si mimi. Wanajeshi wanajenga kituo cha mizinga juu ya kilima cha ▇▇▇▇▇, na wanahitaji barabara ya kupandia. Barabara inataka mawe.

Kapteni mmoja kijana amekuja, mwenye adabu, mashavu kama tufaha. Akauona Mnara. "Mama," ananiita mimi mama, Erlend, "yale mawe pale hayatumiki, siyo?"

Kabla sijafungua mdomo, Mtu wa Kitini alikuwa mlangoni, bila fimbo. "Yanatumika."

"Yanatumika kwa nini, mzee?"

"Kwa kukaa yalivyo."

Kapteni hakukasirika. Alisema hataki kumnyang'anya mtu, ila asipopata zuio la serikali la kumkataza, mkubwa wake atamwagiza ayachukue na fidia italipwa. Amesema atarudi mwezi ujao.

Tangu hapo Mtu wa Kitini si wa kitini tena. Anakaa mlangoni mwa Mnara na koti la mvua, kama anayengoja ibada ianze. Jana nilimpelekea supu. Akainywa yote, akanirudishia bakuli, akasema, "Mwulize."

Sikumwuliza nimwulize nani.

Mina


London
2 Novemba 1939

Mina,

Mimi mzima. Nimepokea barua yako leo na naijibu leo.

Barua yako nimempelekea Bwana Pell mimi mwenyewe, yuko kwenye chumba kisicho na moto, amevaa glavu. Aliposikia habari za barabara, aliketi. Anasema Mnara ukiwa mikononi mwa Makamishna, jeshi halitaugusa bila kuja kwetu kwanza, na hapo yeye yuko tayari kulala mlangoni akizuia. Lakini bila sahihi ya mwenye shamba hana la kushika. Leo hii ameliandikia jeshi kuomba wasubiri. Lakini ombi ni ombi tu.

Karatasi iko nyuma ya saa. Tafadhali iteremsheni.

Huyo aliyesema "Mwulize", mwambie nimeuliza, na sasa anayeulizwa ni yeye. Mwambie akae kwenye majani makavu, asikae juu ya jiwe, kwa ajili ya lile goti.

Erlend


Nethergarth
10 Desemba 1939

Kaka Erlend,

Nyumbani kwema. Baridi ipo, mafuta ya taa ni haba, na samaki tumejaliwa. Peggy amekua, ana kiburi kama binti wa mchungaji.

Nina la kukusimulia, na nitalisimulia kwa utaratibu maana mwenyewe bado sijalizoea.

Baada ya barua yako niliteremsha karatasi na kuiweka mezani pamoja na kalamu. Aliitazama, akasema, "Siwezi."

"Kwa nini huwezi? Kaka ameshaeleza kila kitu!" Nilipandisha sauti, Mungu anisamehe.

"Siwezi kumwambia mtu aulinde Mnara," akasema, "huku mawe yake yako kwenye banda langu. Kila asubuhi nikienda kukamua nayagusa."

Kapteni alirudi na malori na vijana wake. Akamkuta uani na ndoo ya chokaa. Banda lile unalijua, lilisimama nusu tangu uondoke, nusu ukuta na nusu turubai, hakuwahi kuliongezea hata jiwe moja. Alikuwa ametia alama nyeupe kwenye baadhi ya mawe.

"Unataka mawe, kijana," akamwambia Kapteni. "Chukua banda hili lote. Chukua na ule ukuta wa shamba la juu, sina kondoo wa kulijaza. Lakini haya yenye chokaa vijana wako watayabeba mpaka kule Mnarani, wayapange chini yake kwa utaratibu. Wasiyatupe. Wayapange."

"Umeyajuaje, mzee? Yote yanafanana."

"Hayafanani."

Wakabeba siku nzima. Ng'ombe tumewahamishia ghala la viazi, na viazi tumevihamishia chumbani kwako, usikasirike. Jioni alinawa mikono, akavaa miwani ya mama, maana yake haioni tena, akatia sahihi. Jina lote, na shamba. Kisha akalala bila kula.

Karatasi ndiyo hii. Uishike kwa mikono miwili.

Mina


Ofisini, London
29 Oktoba 1940

Mdogo wangu Mina,

Najua nimekuwa kimya tangu nilipokuandikia Januari kwamba karatasi imefika. Nilitaka kuandika nikiwa na habari kamili. Kila nilipokaribia, habari ikahama.

Karatasi yenu ilipanda mpaka meza ya Kamishna wa Kwanza. Kabla hajaifikia, akahamishwa. Aliyefuata hakukaa hata akajua mlango wa choo uko wapi, serikali ikaanguka Mei, akaja mwingine. Kila mmoja alipoingia Bwana Pell aliitoa karatasi chini ya rundo na kuiweka juu, kama mtu anayepeleka chai. Wakati Ufaransa inaanguka, nani angekumbuka kondoo wa Rousay? Yeye alikumbuka. Agosti ikakubaliwa na kupigwa muhuri. Mnara uko mikononi mwa Makamishna.

Na mwezi huu, Mina, kiti chenyewe kimevunjwa. Vita inataka wizara kubwa ya kujenga na kujenga upya, nayo imeundwa, na waziri wake ana jina jipya. Kamishna wa Kwanza hayupo tena. Mzee wa masjala amefuta maneno hayo mlangoni kwa kisu cha kukwangulia, akapuliza vumbi, akasema, "Miaka karibu tisini, na hawakukutana."

Usiogope. Nimeuliza kwa Bwana Pell, kwa masjala, na kwa mwanasheria, ambaye alinijibu akiwa chini ya meza maana king'ora kilikuwa kinalia. Kila kilichokuwa mikononi mwa Makamishna kimehamia kwa waziri mpya, jiwe kwa jiwe. Karatasi yenu inasimama.

Yule mwashi niliyekuambia habari zake bado yuko. Ana kazi nyingi kuliko maisha yake yote.

Tafadhali niandikie hapa ofisini badala ya Kennington. Ni rahisi zaidi. Bi. Tapley hajambo, yuko kwa dada yake mashambani. Mimi sijambo.

Erlend


Nethergarth
1 Desemba 1940

Kaka Erlend,

Salamu zote, na habari zote njema, nitakuandikia siku nyingine. Leo hakuna jogoo wala ndama.

Niliifungua barua yako mezani. Kabla sijasoma, alinyoosha mkono. Sijawahi kuona akinyoosha mkono kwa barua yako. Hakuisoma. Aliinusa.

"Karatasi hii inanuka moshi," akasema.

Nikasema labda ni moshi wa moto wetu.

"Wetu ni wa udongo wa mboji. Huu ni wa mbao na rangi. Soma."

Nikasoma. Kuhusu kiti kuvunjwa hakucheka, na nilimtazama, maana nilitarajia. Alingoja mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudia pale pa Kennington."

Nikarudia.

"Nyumba imeanguka," akasema. "Analala ofisini, chini ya meza kama yule mwanasheria. Na hatasema, hata umchome moto hatasema. Hilo amelitoa kwangu." Akauchochea moto. Halafu akasema, "Erlend hana pa kulala."

Ndivyo alivyosema, kaka. Erlend. Nilikuwa nimeshazoea kwamba jina hilo ni langu peke yangu humu ndani.

Asubuhi nikamkuta amevaa suti ya mazishi. Nikauliza nani amefariki. "Hakuna," akasema, "lete viatu."

Unajua kwamba siku hizi haingii nzi Orkney bila kibali cha jeshi. Kibali hutolewa mjini Kirkwall. Alikuwa hajavuka bahari kwenda Kirkwall tangu mazishi ya mama, na goti lake silo la mashua, lakini alivuka, nami nikimshika kiwiko na akinisukuma. Tulisimama kwenye foleni ndefu, mabaharia, wake zao, wauza samaki, kila mtu na karatasi yake. Bwana Pell alikuwa amemwandikia kwamba wizara mpya itahitaji mtu wa kuyarudisha yale mawe vita ikiisha, au hata kabla, mtu anayejua yalikotoka. Barua hiyo alikuwa nayo mfukoni. Nilidhani ndiyo atakayoitoa.

Karani alikuwa sajenti wa makamo, amefanya kazi karibu na mizinga, sikio lake moja limekufa.

"Unamwombea nani kibali?"

"Erlend Scollay. Yuko London."

"Anakuja kwa kazi ya serikali?"

Mkono ukaenda mfukoni, nikauona. Ukatoka mtupu.

"Hapana."

"Basi ni nani kwako?"

Akajibu, lakini kwa sauti ndogo, ile ya kuzungumza na farasi. Sajenti akageuza sikio lake zima. "Nini? Sijakusikia, mzee. Sema kwa nguvu. Ni nani kwako?"

Erlend, ukumbi mzima uligeuka kututazama. Hata wauza samaki.

"Mwanangu!" akapiga kelele. "Andika: mwanangu!"

Kibali nimekiambatisha. Njoo kabla upepo haujabadilika.

Mina